Lida Unguja: iletwe sasa au isubiri?

Kaskazi hutufikia Desemba ikitokea pande za Somalia na Bara Arabu, kwenye majangwa yenye vumbi. Kwa hiyo hoja ya kuweka lida, chombo cha kupima chembe za angani, hapa Unguja, tuseme pale Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) Tunguu, si ya kuchekwa. Chombo hiki hurusha leza juu kutoka ardhini, kisha husoma mwanga unaorudi. Ukirudi baada ya sehemu 20 za milioni ya sekunde, umegonga kitu kilicho kilomita 3 juu.

Hutambua hata aina ya kitu chenyewe. Leza hutetemeka kwa mwelekeo mmoja. Chembe ya chumvi ya bahari iliyolowa unyevu ni duara, haiuvurugi mwelekeo huo. Vumbi lina pembe pembe, huuvuruga. Vipimo vya mradi wa utafiti wa vumbi wa SAMUM, Moroko mwaka 2006 na Cape Verde 2008, viliukuta uwiano wa mvurugo huo (mwanga uliogeuka mwelekeo kwa ule usiogeuka) kwenye vumbi la Sahara ukiwa kama 0.3 kwa leza ya kijani. Moshi wa moto wa mashamba kwa kawaida huwa chini sana ya hapo. Kwangu hii ndiyo hoja nzito: kisiwa kinachochanganya chumvi na moshi wa bara kinakihitaji chombo hiki pengine kuliko jangwa, ambako vumbi halina mshindani.

Setilaiti je? CALIPSO ilibeba lida tangu 2006 hadi 2023, lakini ilirudia njia ile ile kila siku 16, ikiona ukanda wa kama mita 70 tu.

Upande wa pili nao una haki. Lida nyingi haziioni vizuri hewa ya mita mia chache za mwanzo, na mgonjwa wa pumu wa Darajani havuti hewa ya kilomita 3. Wingu zito la masika huuzima mwanga. Chumvi nayo hula vyuma.

Mimi ningeanza na fotomita ya jua, kifaa kinachopima mwanga wa jua unavyopungua kwa chembe za angani, kama zile za mtandao wa kimataifa wa AERONET, na kipimo cha chembe karibu na ardhi. Fotomita haijui vumbi liko kimo gani, ila hupima mzigo wote wa chembe angani. Bila jumla hiyo, lida ya kawaida hukisia namba inayogeuza mwanga uliorudi kuwa kiasi cha chembe: kama 20 kwa chumvi ya bahari, kama 55 kwa vumbi la Sahara. Ukizichanganya hizo, jibu hupotoka zaidi ya maradufu. Lida ifuate, tena na mshahara wa fundi wa kupangusa kioo chake.