Migi Sebuleni Saa Nane Usiku

Sisi wapenzi wa simuleta, yaani michezo ya kurusha ndege kwenye kompyuta, tuna desturi yetu: kabla watu hawajachanga pesa za ndege mpya, mmoja anatangulia kuijaribu na kuipa alama. Zamu yangu ikaangukia MiG-21, ile ya kivita ya Kirusi, pua wazi kama mdomo wa sangara.

Nikasubiri usiku, nyumba nzima imelala. Mama mkwe alikuwa amefika jana yake kutoka Bukoba na mkebe wa senene, akang'ang'ania kulala sebuleni, eti vitanda vya mjini vinamlegeza mgongo. Mimi niko stoo, ukuta wa pili. Kwa heshima yake nikavaa hedifoni.

Nikawasha injini uwanja wa Mwanza, daftari pembeni. Sauti: 3 kati ya 10. Hafifu, kama inatoka chumba cha pili. Nikaongeza. Bado. Nikapandisha mpaka mwisho, nikasukuma nguvu zote, moto ukatoka mkiani. Hapo kiti kikaanza kutikisika na penseli ikabingirika mezani. Nikaandika: mtetemo, 10 kati ya 10. Nikawavulia kofia hao mafundi. Hedifoni yenyewe nilinunua shilingi 15,000!

Juu ya Ziwa Victoria nikasikia mtu anapiga mayowe. Nikaandika: redio ina uhalisia, ila Kirusi chao kina lafudhi ya Kihaya.

Wakati wa kurudi kutua, mshale wa spidi unasoma 300. Mimi nimezoea Boeing, spidi kwa noti (maili za baharini kwa saa), za mabaharia si za benki. Nikasema bado nina mbio, nikapunguza nguvu, nikakata kona. Kumbe mishale ya Warusi inasoma kilomita kwa saa! Hiyo 300 ni noti kama 162 tu, na lile bawa la pembetatu halina mzaha na mtu anayekata kona akijivuta hivyo. Pua ikaanza kuyumba.

Hapo hapo mke wangu akaichomoa hedifoni kichwani, na ndipo nikaisikia ndege yangu vizuri kwa mara ya kwanza. Ilikuwa sebuleni. Jioni watoto walitazama katuni kwenye kompyuta hiyo, sauti wakaitoa kwa sabufa kwa Bluetooth, na kompyuta haikusahau.

Tukafika sebuleni pamoja na mlipuko.

Mama alikuwa chini ya meza ya chakula, kitenge kichwani, mkebe wa senene kaukumbatia. "Baba Koku, lala chini! Ni Amin!"

Oktoba 1978, ndege za Amin zilipoipiga mabomu Bukoba, yeye alikuwa mtoto wa shule pale pale mjini. Nikalala chini kweli. Ningefanyaje? Mke wangu alitutazama wote wawili, akazima sabufa, akarudi kulala.

Asubuhi, kwenye chai, mama akakaa kimya muda mrefu.

"Baba Koku, hiyo yako hawakuitengeneza vizuri. Ile ya kweli ulikuwa huisikii inakuja. Unaona imeshapita, ndipo sauti inakufikia, madirisha yanalia."

Nikachukua daftari, nikaandika.

"Na iliangukia wapi?"

"Ziwani, mama."

"Vizuri," akasema, akanisogezea senene.