Mita 15 za Kwenye Boksi

Hebu niambieni, huyu anayeandika "mita 15" kwenye maboksi ya bunduki za maji huwa anapimia wapi? Maana mtu ananunua silaha, anaijaza, anamlenga mtoto aliyejibanza nyuma ya nguo zilizoanikwa, hatua chache tu kutoka pale, na maji yanadondoka nusu ya safari. Nyasi zinalowa. Mtoto anakuja mbio na ndoo. Ndoo haina boksi, haijaandikwa mita, na haikosi.

Tusimsingizie, hizo mita zipo. Zipo kwa mtu aliyeinua mdomo wa bunduki kati ya digrii 30 na 45, upepo ukivuma kutoka mgongoni kwake, kisha akaenda kupima pale lilipoangukia tone la mwisho kabisa. Nani anapigana hivyo? Vitani unapiga mbele, sawa na bega. Bega la mtu mzima liko kama mita 1.4 kutoka ardhini, na kitu kikitoka usawa huo kinatua chini baada ya nusu sekunde na ushee. Hata maji yakiruka kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde, yameishia mita 8. Mtoto mwenye bega la mita 1 hafikishi hata 7. Na hapo hewa haijadai chake, kwa sababu inauchanachana mkondo mpaka anayelengwa anafikiwa na manyunyu, anashukuru, anaendelea kucheka.

Basi wakaja wataalamu wa "chukua yenye tundu kubwa". Sawa, tupige hesabu. Tundu la milimita 3, kwa kasi ileile, linatoa mililita 100 na kidogo kila sekunde, kwa hiyo lita moja inakuchukua sekunde 9. Liongeze liwe milimita 6. Upana umekuwa mara 2, lakini maji yanayotoka ni mara 4, na lita yako imekwisha kabla ya kuhesabu 3. Kinachokera ni kwamba mkondo mnene ndio hewa inaoshindwa kuuvunja upesi, kwa hiyo ndio unaofika mbali. Yaani kinachofika mbali ndicho kinachoisha haraka, na hakuna pa kukata rufaa.

Dawa yake wanasema ni tangi kubwa. Lita 3! Limeandikwa kwa herufi nene kana kwamba ni zawadi. Lita 3 za maji ni kilo 3, plastiki hujaihesabu. Mtoto wa miaka 7 atalibeba mzunguko mmoja wa ua, kisha atalitua, kisha wewe uliyekuja kukaa kivulini unakabidhiwa silaha na maadui wote kwa pamoja. Mdogo mpe ya lita moja kushuka chini. Angalia pia mdomo wa kujazia, kwa sababu bomba linalotoa lita 6 kwa dakika linajaza lita moja kwa sekunde 10 na lita 3 kwa nusu dakika, na nusu dakika umeinama bombani ni muda wa kulowa mara nne. Ukiona mdomo unaingiza vidole viwili kwa raha, hiyo unaizamisha kwenye beseni inajaa yenyewe.

Sasa tuje kwenye hewa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapozilaumu bunduki zisizo na kosa. Zile za kupampu ambazo tangi lake moja linabeba maji na hewa pamoja, usizijaze pomoni! Kinachosukuma maji ni hewa iliyobanwa, na ukijaza pomoni utabana nini? Chukua tangi la lita 1.5. Ukitia lita 1.4, hewa imebaki na nafasi ya mililita 100. Piga mililita 100 tu, hewa imetanuka maradufu na mgandamizo wake umeanguka hadi nusu. Ukitia lita moja, hewa ina nusu lita, na ukipiga mililita zilezile 100 unapoteza sehemu moja kati ya sita. Theluthi mbili maji, theluthi moja hewa. Lakini mwambie mtoto abakize nafasi kwenye tangi uone utakavyotazamwa.

Kuna za mpira, ambazo maji yanasukumwa ndani ya kibofu kinachovimba, kisha kibofu kinayakamua kwa nguvu isiyobadilika sana tangu mwanzo hadi mwisho. Bunduki iitwayo Super Soaker CPS 2000, ya mwaka 1996, ndiyo iliyozipa umaarufu, na hadi leo wenye nazo wanazilinda kama mahari. Haitengenezwi tena, kwa hiyo ukiuziwa iliyotumika, pampu kwanza uone. Mpira uliokauka hupasuka ndani kimyakimya, na bunduki inabaki nzuri ya kupigia picha.

Na mwanzo wa balaa lote hili ni mtu msomi kabisa! Lonnie Johnson, mhandisi Mmarekani aliyefanya kazi hata kwenye chombo cha Galileo kilichokwenda sayari ya Mshtarii. Mwaka 1982 alikuwa anajaribu nyumbani mtambo wa kupoza unaotumia maji, akaufunga kwenye bomba la bafuni, mkondo ukaruka chumba kizima. Mwingine angechukua dekio. Yeye akaona mchezo. Mwaka 1990 bunduki yake ikaingia madukani kwa jina la Power Drencher, mwaka uliofuata ikaitwa Super Soaker, na tangu hapo hakuna mtu mzima aliyepita uani akiwa mkavu.

Za umeme nazo zimekuja. Spyra ya Ujerumani inachovya mdomo kwenye maji, inajivutia yenyewe, kisha inapiga kipimo kimojakimoja badala ya mkondo. Ni tamu, hulengi ukibahatisha. Lakini ipe maji safi, maana mchanga ukiingia kwenye pampu yake ndogo umeagana nayo. Zile za bei poa zenye betri za kawaida zinarusha haraka na zinafika karibu, na kifuniko cha betri kikikosa mpira wa kuziba, adui wa kwanza kuiua bunduki ya maji ni maji.

Anayetaka amani anunue ile ya kuvuta na kusukuma, iliyo sawa na bomba kubwa la sindano. Chovya, vuta, sukuma. Haina tangi wala traiga, na kinachoharibika ni oringi moja, yaani pete ya mpira ya kuzibia. Kasoro yake ni kwamba lazima uishi karibu na ndoo.

Oringi hiyo ikikauka pampu inakuwa nzito, na hapo ndipo mtu anakimbilia mafuta ya mgando. Acha! Mafuta yatokanayo na petroli, kama hayo, huvimbisha aina nyingi za mpira. Tia grisi ya silikoni, tone tu. Pampu ikigoma usiigombeze. Vuta yote, sukuma yote, kwa mstari ulionyooka, kwa sababu mikono ya plastiki huvunjika mtu anapopampu kwa hasira huku ameikunja pembeni. Valvu ya usalama ikianza kutema, imetosha, hata kama jirani bado anacheka. Hewa ikitoroka, paka povu la sabuni kwenye kifuniko uone panapotoa mapovu. Mara nyingi ni unyasi umekaa kwenye uzi wake wa kukazia. Mkondo ukienda kombo, kuna chembe mdomoni, itoe kwa kijiti cha meno. Sindano itakwangua ukingo wa tundu, na mkondo utagawanyika mbili maisha yake yote.

Usoni hapana, hasa chini ya mita 3. Jicho halina kipuri. Sabuni na rangi hazitiwi tangini, hata aliyezitia akiapa ni kwa majaribio.

Mkimaliza, fungua kifuniko kidogokidogo hewa itoke, bonyeza traiga mpaka itoe hewa tupu, toa betri, weka kivulini. Bunduki ya kibofu ikilala imejaa, mpira unalegea na mwakani itatema mate. Kifuniko kiache wazi tangi likauke. Na kama kilifungwa tangi likiwa bichi miezi yote hiyo, siku ya kulifungua mwite yule aliyelifunga aliinuse yeye kwanza.