Kwaya ya Breki

Fundi alitaka elfu sitini kunifungia ampu, kile kikuza sauti cha redio, kwenye gari. Waya kadhaa na bisibisi, elfu sitini? Nikanunua tepu nyeusi, nikarudi nyumbani kujifungia mwenyewe.

Ampu ilikuwa ya chaneli nne, wati 50 kila moja. Lakini pembeni mwa matundu ya spika kumechorwa alama ya kubriji: ukichukua chanya ya chaneli ya kwanza na hasi ya chaneli ya pili, mbili zinakuwa moja, zinatoa wati 150. Hesabu hiyo ilinilewesha. Nikabriji zote, kulia na kushoto, na kila upande nikapachika spika mbili sambamba, ya mlango wa mbele na ya mlango wa nyuma.

Nikawasha: taa ya ampu nyekundu. Nikazima, nikawasha. Nyekundu vilevile. Kumbe spika za ohmu 4, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, ukifunga mbili sambamba zinabaki ohmu 2, na ampu imeandikwa, kwa herufi ndogo kama za mkataba wa mkopo, kwamba ikibrijiwa isishuke chini ya 4. Nikazing'oa za nyuma, taa ikawa kijani ya kubabaisha tu, maana nilikuwa naiamsha kwa kipande cha waya nilichokishikilia kwa mkono.

Waya wa kuiamsha hutoka nyuma ya redio, wa bluu wenye mstari mweupe, na kuufikisha kwenye buti ilipo ampu lazima ufungue dashibodi na unyanyue zulia. Saa tatu usiku, mbu hao. Nikachukua testa, nikachokonoa waya za mlemle kwenye buti mpaka testa ikawaka. Mpwa wangu alikuwa kwenye kiti cha dereva, anaendesha basi la Mwanza, anapiga honi kwa mdomo. Nikaunga. Milango ikatetemeka, jirani akatoka na taulo.

Asubuhi nikaenda kumpokea mama mkwe stendi ya Mbezi. Njiani ampu inashtuka, inaimba kidogo, inakata. Nikaegesha, nikavua vifuniko vya milango miwili, nikakaza kila waya. Hata taa haiwaki. Nikajua nimeiunguza kwa ile tamaa ya kubriji.

Mama akapanda na kuku wake. Nikamwekea kwaya. Tukakuta foleni Kimara, kwaya ikaimba vizuri mpaka kuku akatulia. Foleni ikaachia, kimya. Tukasimama tena: "Haleluya!"

"Mwanangu," akasema mama, "mbona redio yako inaimba ukikanyaga breki tu?"

Nikatabasamu kwa heshima. Mama wa watu ametoka kijijini leo, ndiye wa kunifundisha ampu? Halafu, kimyakimya, nikajaribu. Nikakanyaga: Haleluya! Nikaachia: kimya. Nikakanyaga tena.

Nikamkumbuka dereva wangu wa basi la Mwanza. Mtoto yule ana nidhamu, basi likiwa limesimama haondoi mguu kwenye breki. Na mimi kule nyuma nimeunga ampu yangu kwenye waya wa taa ya breki, kwa furaha kabisa.

Nikaanza kumweleza mama habari za waya wa bluu, buti, zulia. Hakuwa ananisikiliza.

"Sawa, baba. Hebu kanyaga kidogo, sauti ya kwanza ndiyo inaingia."