Mtori hauhitaji kidonge

Simama soko la Mbuyuni hapa Moshi jioni watu wakitoka kazini, au Kilombero kule Arusha, utaona kikapu kile kile kikipita mara nyingi: chane mbili za mshare, zile ndizi za kupika, kitunguu, karoti, nyanya, fungu la mboga ya mnafu, na nyama ya mifupa kwenye mfuko. Kabla ya kupanda daladala, mwenye kikapu anapitia dukani kuongeza vidonge vya supu na pakiti ya viungo vya mchuzi. Hapo ndipo tunapotofautiana. Kikapu kilikuwa kimeshatimia.

Ninachoamini ni kwamba chakula chetu cha nyumbani cha huku, iwe mtori (supu nzito ya ndizi na nyama), kiburu (ndizi zilizopondwa na maharage), machalari (ndizi zilizopikwa na nyama), makande au mboga za majani, hakijapungukiwa viungo. Kilichopungua ni zamu. Kila kitu kina wakati wake wa kuingia sufuriani. Ukivitia vyote kwa pamoja kwenye maji ya baridi na kuwasha moto, nyama itakuwa bado ngumu wakati karoti imeshavurugika, kitunguu kitakuwa kimechemka bila kukaangika, na nyanya itakuwa imetia uchachu kila mahali. Kidonge hakirekebishi hata kimoja katika hayo. Kinachoongeza zaidi ni chumvi, na chumvi ulikuwa nayo.

Nianze na mtori, maana ndio unaoonewa zaidi. Kwa watu watano chukua kilo moja ya nyama ya ng'ombe yenye mifupa, mbavu au kidari, mshare mbichi kumi na mbili za ukubwa wa kati, kitunguu maji kimoja kikubwa, karoti moja, samli au siagi kijiko kimoja cha chakula, chumvi, na maji lita tatu. Nyanya moja kama unaipenda. Basi.

Nyama ianze kwenye maji ya baridi. Povu likipanda, liengue kwa upawa mpaka liishe, kisha tia nusu ya kitunguu bila kukikatakata na upunguze moto. Supu itokote polepole kwa saa moja na nusu hadi mbili, mapovu madogo madogo tu yakipanda pembeni. Moto mkali unayachanganya mafuta na maji, supu inakuwa nzito ya kijivu na nyama inakakamaa. Anayetumia mkaa atoe vipande viwili vitatu au afukie jiko kwa majivu. Wa gesi ateremshe mpaka mwisho. Chumvi kijiko kimoja cha chai kinatosha kwa sasa, kwa sababu supu itapungua na ladha ya chumvi itapanda.

Ndizi ndizo zinazoamua kila kitu, na makosa mengi hutokea sokoni kabla hata ya jiko kuwashwa. Mshare wa mtori uwe mbichi kabisa lakini uliokomaa: pembe zake zimeanza kujaa, si zile kali za ndizi changa. Ndizi changa inatoa mtori mwepesi wenye ukakasi. Iliyoanza kuiva inatia utamu na haishiki uzito, hata ungeiponda namna gani. Ibonyeze, ikibonyea, iache. Mzuzu nao usikudanganye kwa ukubwa wake. Ni mtamu kwa kukaanga, ila ukiupondea mtori unabaki chenga chenga.

Menya ndizi robo saa kabla ya kuzihitaji, si asubuhi. Zikimenywa zinageuka nyeusi kwa kukutana na hewa, na mtori wa kijivu chanzo chake ni hapo. Paka mafuta kidogo mikononi na kwenye kisu ili utomvu usigande, kata ncha zote mbili, menya, kwangua utando mwembamba unaobaki, kisha tumbukiza kila ndizi kwenye bakuli la maji papo hapo. Maji yenye tone la limau yanasaidia zaidi.

Nyama ikilainika, itoe pembeni. Pima supu: iliyobaki sufuriani ifunike ndizi na kuzidi kwa vidole viwili, nyingine iweke kwenye chombo ikiwa ya moto. Tia ndizi na karoti supu ikiwa inachemka, funika, dakika 25 hadi 30. Ndizi ikikatika yenyewe ukiichoma kwa kisu, imeiva.

Kuponda kuna ufundi wake. Mimina kwanza supu yote kwenye chombo kingine, ubakishe kidogo sana chini, kisha ponda ndizi zikiwa za moto kwa mwiko au kipekecho. Ukiponda ndani ya maji mengi, vipande vinakukimbia na kugeuka mabonge. Ukisubiri zipoe, wanga unaganda na mabonge hayavunjiki tena. Zikishapondeka laini, rudisha supu pawa moja baada ya nyingine huku unakoroga. Mashine ya kusagia inafanya kazi haraka, lakini inaupiga wanga kupita kiasi na mtori unavutika kama gundi. Mwiko unatosha.

Sasa ndiyo zamu ya kitunguu kilichobaki. Kikatekate kidogo kidogo, kikaange kwa samli kwenye moto mdogo dakika nane hadi kumi mpaka kigeuke rangi ya dhahabu. Ile ladha tamu yenye harufu inayotafutwa kwenye pakiti ndiyo hii, na inataka dakika kumi za subira. Anayetaka nyanya aitie hapa, baada ya kitunguu, aikaange mpaka mafuta yajitenge. Nyanya mbichi ikiingia moja kwa moja kwenye mtori inauchachusha. Mimina mchanganyiko huo kwenye mtori pamoja na nyama iliyochambuliwa kutoka kwenye mifupa, uache dakika kumi kwenye moto mdogo ukikoroga mpaka chini. Wanga hutuama, na mtori ukiachwa bila kukorogwa huungua chini haraka sana. Ukisikia harufu ya kuungua, usikoroge wala usikwangue. Hamishia sufuria nyingine kilicho juu, ukoko ubaki ulipo.

Epua ukiwa mwepesi kidogo kuliko unavyoutaka, maana utazidi kuwa mzito ukiwa mezani. Wa kiporo uongezwe supu au maji ya moto, si ya baridi. Na mtori wa mama aliyejifungua, ambaye huku kwetu ndiye wa kwanza kupikiwa, utapendeza ukiwa mwepesi zaidi, bila pilipili.

Nikija kwenye maharage, lawama nyingi huangukia mbegu wakati kosa ni la mpishi, na mara nyingine ni la mlima. Arusha mjini iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, Moshi kama 900. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100, lakini kila ukipanda takriban mita 300 kiwango hicho hushuka kwa nyuzi moja. Kwa hiyo Moshi maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, Arusha 95, na kwa walio Marangu juu au miteremko ya Meru ni chini ya hapo. Maharage yanayoiva kwa saa moja na nusu Dar es Salaam hayawezi kuiva kwa muda huo Ngaramtoni, nje kidogo ya Arusha, hata moto uwe mkali kiasi gani. Moto mkali unamaliza mkaa tu. Maji hayapati joto zaidi.

Wengi hujibu tatizo hilo kwa magadi. Mimi nayapinga magadi kwenye maharage, na si kwa sababu ya ladha ya sabuni peke yake. Magadi yanaharibu vitamini B1, na mengi yanayouzwa kaskazini yana floridi. Maji ya sehemu nyingi za Arusha na Meru tayari yana floridi nyingi, ile inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia, na kuyachemsha hakuiondoi. Hakuna sababu ya kuiongeza kwa mkono wako mwenyewe wakati kuloweka kunafanya kazi ile ile bure.

Nusu kilo ya maharage ichambuliwe, ioshwe, ilowekwe usiku kucha kwenye maji mara tatu ya ujazo wake pamoja na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Ile imani kwamba chumvi inayafanya yawe magumu haina msingi. Kwenye maji ya kulowekea inalainisha ganda. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mapya, na uyachemshe kwa nguvu kwa dakika kumi kamili kabla ya kupunguza moto. Dakika hizo usizipuuze: maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoumiza tumbo, na haiishi kwa joto la vuguvugu. Baada ya hapo yatokote polepole, na maji yakipungua ongeza ya moto.

Nyanya, limau na ukwaju visiguse maharage mpaka yawe yanapondeka kati ya vidole viwili. Uchachu unazuia ganda kulainika, na ukishautia mapema unaweza kuyachemsha mpaka jioni yakabaki vile vile. Usichanganye aina mbili kwenye sufuria moja, maana moja itavurugika nyingine ikiwa bado ngumu. Na kuna maharage yasiyosaidika: yaliyokaa ghalani mwaka mzima kwenye joto. Yana rangi iliyofifia na kung'aa kumepotea. Hayo yapeleke kwenye jiko la presha, ambalo linapandisha joto la maji kuliko sufuria ya kawaida na kumaliza kazi kwa nusu saa hivi.

Ukiwa na maharage yaliyoiva na mchuzi kidogo, kiburu kiko karibu. Panga mshare zilizomenywa juu yake, funika kwa nusu saa, ponda vyote pamoja mpaka viwe vizito, unga kwa kitunguu na samli. Parachichi pembeni.

Mnafu watu wanausema kwa uchungu wake, na uchungu huo unaamuliwa bustanini. Chuma ncha changa kabla mmea haujatoa maua. Ukishaanza kuzaa, majani yanakuwa machungu zaidi, na vitunda vya kijani vina sumu. Visiingie kwenye mboga kabisa. Mmea uliokosa maji nao unazidi uchungu. Jikoni, osha majani mazima ndipo uyakatekate, tumbukiza kwenye maji yanayochemka yenye chumvi dakika tatu hadi tano bila kifuniko, chuja, kisha geuza kwenye kitunguu kilichokaangwa. Kifuniko kinazuia mvuke wenye asidi kutoka, na majani yanakuwa ya kahawia. Bado machungu kwako? Changanya nusu kwa nusu na mchicha, ila mchicha usichemshwe kwanza, uingie moja kwa moja dakika tatu za mwisho.

Maziwa kwenye mnafu ni jambo zuri sana, na ndipo wengi wanapoharibu. Kikombe cha maziwa kiingie mwisho, moto ukiwa mdogo, kwenye mboga isiyo na nyanya. Nyanya na moto mkali vinayakata maziwa, unabaki na maji na chenga nyeupe. Karanga zilizosagwa hazikatiki, kwa hiyo anayetaka nyanya atumie karanga, vijiko vitatu vya chakula kwa fungu mbili, zikiwa zimekorogwa kwanza kwenye maji ya vuguvugu.

Mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba, anayo mengi ya haya chini ya migomba yake. Aliyepanga chumba Majengo ya Moshi au Sakina ya Arusha naye hajanyimwa: gunia moja, udongo madebe matatu kwa debe moja la samadi iliyooza vizuri, kokoto zikipangwa katikati kuanzia chini hadi juu ili maji yafike kote. Samadi mbichi inaunguza mizizi, ngoja ipoteze harufu na joto. Pandikiza mnafu kwenye matundu ya ubavuni, mchicha na kitunguu cha majani juu. Mchicha unachumwa baada ya wiki tatu hadi nne. Mnafu unachukua muda zaidi kidogo, lakini ukiukata na kuacha shina la sentimita kumi hadi kumi na tano unachipua tena na tena. Giligilani ndiyo yenye kiburi: joto la Moshi la Januari na Februari linaisukuma kutoa maua mapema, kwa hiyo ipande kivulini, mbegu kidogo kila baada ya wiki mbili.

Maji uliyooshea mboga yamwagilie gunia hilo hilo, ilimradi hayana sabuni wala chumvi. Chuma asubuhi kabla jua halijakaza, na kama utapika jioni, funika majani kwa kitambaa kibichi mahali penye kivuli. Usiyaache yakielea kwenye beseni siku nzima. Yatalegea, na vitamini nyingine zitabaki kwenye maji.