Rufiji imebaki na mto, delta imekwenda Kibiti

Ukipitia orodha ya kata za Wilaya ya Rufiji, Mkoa wa Pwani, leo, hutazikuta Salale, Kiongoroni, Maparoni, Mbuchi wala Msala. Hizo ni kata za delta, mahali ambapo Mto Rufiji unapasuka vijito vingi na kuingia baharini mkabala na Kisiwa cha Mafia. Zote sasa ziko Kibiti, wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji miaka ya 2015 na 2016. Wilaya iliyobaki na jina la mto imebaki na bonde, na sehemu kubwa ya delta imekwenda kwa jirani.

Waliodai mgawanyo walikuwa na hoja nzito. Rufiji ya zamani ilikuwa na zaidi ya kilomita za mraba 13,000, na sensa ya mwaka 2012 iliikuta na watu 217,274. Makao makuu yalikuwa Utete, ng'ambo ya kusini ya mto, mbali na barabara kuu ya Kilwa. Mtu wa Bungu mwenye shauri la ardhi alipita Kibiti, akapita Ikwiriri, akavuka mto, akafika Nyamwage, ndipo akakata kuingia barabara ya vumbi ya Utete. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, kuvuka huko kulikuwa kwa kivuko, na masika yakichachamaa safari ilikwamia hapo. Kumwambia mtu huyo kwamba wilaya yake isigawanywe kwa sababu mto ni mmoja ni kumwonea.

Utete yenyewe ni urithi wa serikali zilizopita, na kabla yake boma la Wajerumani lilikuwa Muhoro. Huko ndiko alikonyongwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, Agosti 1905, siku chache tu baada ya Vita vya Maji Maji kuanza. Nyakati hizo barabara kuu ilikuwa mto wenyewe. Lami ya Kilwa iliwasogeza watu na biashara kwenye Kibiti na Ikwiriri, na ofisi zikabaki zilipokuwa. Kwa hiyo kuipa Kibiti wilaya yake kulikuwa kukubali jambo ambalo wananchi walishaliamua kwa miguu yao.

Ila mtu wa delta alipata nini? Nionavyo mimi, hapa ndipo mgawanyo ulipopungukiwa. Anayetoka visiwani kwenda Kibiti mjini hupanda boti hadi Nyamisati, kisha gari. Boti hizo husikiliza maji. Yakipwa, mikono mingine ya mto hubaki tope tupu kati ya mikoko, na mama mjamzito hungoja yajae kama wanavyongoja wengine wote. Makao makuu yamesogea kwa ramani, lakini saa zake baharini ni zilezile. Kinachomkomboa ni boti ya wagonjwa, zahanati yenye mhudumu na dawa, na mtendaji anayelala kijijini, na hayo yangeweza kufanywa hata wilaya ikiwa moja.

Halafu kuna maji yenyewe. Bonde la Rufiji hukusanya maji ya karibu sehemu moja kati ya tano ya Tanzania Bara, kupitia Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Mkulima wa bondeni amejenga maisha yake juu ya mafuriko: mpunga maji yanapopanda, na mlau, yaani mahindi na mboga kwenye udongo mbichi, yanaposhuka. Hujenga dungu juu ya nguzo shambani, akalala humo kuwinga ndege, nguruwe na viboko. Mafuriko makubwa ya mwaka 1968 yalifuatwa na operesheni ya kuwahamishia watu vijiji vya juu, mojawapo ya operesheni za mwanzo kabisa za vijiji vya ujamaa. Watu walihamia juu, lakini wengi wao waliendelea kushuka kulima, kwa sababu rutuba haikuhama nao.

Sasa juu yao kuna Bwawa la Julius Nyerere, la megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Aprili 2024 maji yalizamisha mashamba na makazi Rufiji na Kibiti. Wananchi wengi walilinyooshea bwawa kidole. Serikali ikajibu kwamba mvua zilikuwa kubwa na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi. Hoja ya serikali haipuuziki, maana mafuriko makubwa yalikuwapo miaka mingi kabla ya bwawa. Lakini aliyezoea kuusoma mto kwa mvua anazoziona sasa anahitaji pia kujua lini milango inafunguliwa, na hilo hawezi kulisoma mawinguni.

Mto huo tayari una wenyewe wengi. Milango ya bwawa iko kwa TANESCO, shirika la umeme, vibali vya maji viko kwa Bodi ya Maji Bonde la Rufiji iliyopo Iringa, hifadhi ya wanyama ya juu ya mto iko kwa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na mikoko ya delta, kiasi cha hekta 50,000, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kugawa wilaya kumeongeza halmashauri ya pili kwenye msururu huo, na kila moja ina bajeti na kamati yake ya maafa. Wapo wanaosema uratibu ni kazi ya Mkoa wa Pwani. Ni kweli kisheria, lakini Kibaha, makao makuu ya mkoa, ni mbali na Muhoro, na mkoa una wilaya nyingine za kushughulikia. Wapo pia wanaokumbusha kwamba RUBADA, mamlaka ya bonde iliyoundwa mwaka 1975, ilivunjwa, hivyo chombo kingine si dawa. Nakubaliana nao nusu. RUBADA ilitazama bonde zima na miradi mikubwa. Ninachokitaka ni kidogo kuliko hicho.

Sioni sababu ya kuziunganisha tena Rufiji na Kibiti. Watu wa Bungu wasirudishwe kwenye safari ya Utete. Ninachodai ni kamati moja ya mto ya halmashauri hizi mbili, yenye wakulima wa mlau na wavuvi wa kamba ndani yake, TANESCO na Bodi ya Bonde wakiitwa mezani kabla ya kila masika. Kazi yake ya kwanza iwe ratiba ya kufungulia maji, iandikwe kwa lugha ya kijiji, itangazwe msikitini, sokoni na kwa simu, na imfikie mtu wa Muhoro na mtu wa Kiongoroni siku ileile.