Kabla ya bei, uliza samaki walikufaje

Nyumba ilikuwa inafungwa. Mwenyewe, mzee wa Kiitaliano, alishapanda ndege karudi kwao, na mtunza nyumba akaachiwa kazi ya kuuza vilivyobaki. Kulikuwa na friji, vitanda viwili na tangi la samaki wa baharini lenye kabati lake, pampu mbili, chujio, taa, hita na karai zima la mawe ya matumbawe. Vyote shilingi 9,000. Mkono ulikuwa umeshaingia mfukoni. Nikauliza tu ili nisionekane nina pupa: "Mzee, na samaki wake walikwenda wapi?"

"Walikufa, mwanangu. Walitoka vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Akawatilia dawa ya buluu, wapi! Haikufaa kitu."

Kichupa kilikuwa bado kabatini. Sisi wa Malindi hatukosi Kiitaliano cha kuombea maji, na kwenye karatasi yake nikasoma neno moja ninalolijua: rame. Shaba.

Wanaofuga samaki wa maji chumvi wanaijua shaba. Huua vijidudu vinavyoleta vile vidoa, lakini konokono, kamba, kaa na matumbawe nao huwaua, tena kwa kipimo kidogo sana. Kioo unaweza kukiosha. Mawe na mchanga wa chokaa ndiyo shida: huinywa shaba, kisha huitoa pole pole miezi na miezi. Ungeyatia mawe yale kwenye maji mapya, ukaweka konokono wako, wakafa, ukalaumu maji, ukalaumu joto, ukamlaumu jirani aliyepiga dawa ya mbu.

Basi nikanunua, lakini kwa 6,500, na mawe nikamwachia. Ndiyo maana nasema wanaotuambia tusianze na vitu vilivyotumika wanatuonea. Vifaa vipya vya kazi hii havishikiki kwa mshahara wa kawaida, na kioo hakizeeki. Kosa letu ni kuuliza bei kwanza. Kitu kilichotumika kina maisha yake ya nyuma, na anayeyajua ni yule aliyekuwa akikifuta vumbi.

Mamangu aliniona nikishuka na tuktuk nimekumbatia pampu. "Bahari iko hapo nje, wewe wataka kuileta sebuleni?" Mji uliowahi kumpeleka twiga hadi Uchina, karne ya 15, leo unashangaa mtu kupeleka maji chumvi mtaa wa pili.

Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 45. Piga hesabu: lita 243. Likijaa, maji peke yake ni karibu kilo 250, kabla hujahesabu kioo na mawe. Kwa hiyo usilijaze kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba. Mimi nililijazia uani, juu ya ubao ulionyooka, kwa maji ya bomba, nione kama linavuja. Siku ya kwanza kavu. Siku ya pili kavu, nikaanza kujisifu. Siku ya tatu asubuhi nikapitisha kidole kwenye pembe ya nyuma, kikatoka na unyevu. Hakukuwa na tone, ulikuwa unyevu tu. Nikakwangua silikoni yote ya ndani kwa wembe, kwa sababu mpya haishiki juu ya kuukuu, nikapaka ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Wiki nzima ua ulinuka siki. Harufu ilipokwisha ndipo nikajaza tena.

Na siki yenyewe ndiyo iliyosafisha pampu. Zilikuwa zimeganda chokaa nyeupe, moja haizunguki kabisa. Nikazilaza kwenye ndoo ya siki na maji usiku kucha, asubuhi zikazunguka kama mpya. Sabuni usiiguse.

Maji je? Hapa ndipo mtu wa pwani hujidanganya, nami nilikuwa wa kwanza. Bahari kuwa karibu si hoja. Mto Sabaki unamwaga tope lake kaskazini mwa mji, na kaskazi ikivuma hulisukuma tope hilo kusini, mpaka ghuba yetu ikawa rangi ya chai ya maziwa. Kusi ikishika, tope huelekea kaskazini, upande wa Mambrui, nasi tunapata maji safi. Nikasubiri kusi, nikachota maji yakijaa, nikayaacha kwenye madumu usiku mmoja yatulie, nikayavuta kwa mpira bila kugusa mashapo ya chini. Mawe mapya sikuyatoa baharini. Hifadhi ya bahari ya Malindi ipo tangu 1968, na hata nje ya mipaka yake sioni kwa nini mwamba ubomolewe ili mimi nipambe sebule.

Kisha nikatia kipande cha nyama ya kamba kioze. Ndiyo, kioze. Kinatoa amonia, bakteria wanaigeuza naitraiti, wengine wanaigeuza naitreti, na mpaka amonia na naitraiti zirudi sufuri hapawekwi samaki. Kwangu ilichukua wiki sita. Chupa za kupimia zilizokuja na tangi zilinionyesha amonia sufuri tangu siku ya nne, na huku kamba ananuka mpaka jikoni. Nikatazama chini ya chupa: zilishapitwa na wakati. Hizo nilinunua mpya, na sijutii.

Kosa langu kubwa lilikuja baadaye. Joto la Machi lilipoingia nikaweka feni ndogo ipulize juu ya maji. Yalipoa, lakini yakawa yanapungua kila siku, nami kila jioni nikiongeza maji ya bahari, si yako karibu? Maji yakikauka chumvi hubaki. Nilipokuja kupima, kipimo cha chumvi kilichotakiwa kiwe 1.025 kilikuwa kimepita 1.030, na konokono wawili wamejifungia ndani ya magamba yao. Tangu hapo naongeza maji ya mvua tu, maana visima vya kwetu vingi vina chumvi tayari. Mmoja alifunguka. Mwingine hakufunguka tena.

Mamangu sasa huvuta kiti baada ya isha, akamwangalia huyo mmoja akipanda kioo. Samaki bado, nitaweka mwezi ujao.

Hita nayo imelala kwenye droo, haijawahi kuona stima tangu niinunue. Mtu wa Limuru kwenye baridi akiihitaji, aje aichukue.