Sare za Shule Zilipokwenda Coco Beach

Coco Beach, ufukwe wa Dar es Salaam, haina kiingilio. Kinachokumaliza ni nauli. Ukitokea Tabata ni magari mawili kwenda, mawili kurudi, na siku hiyo kila gari mtu mzima alikuwa analipa shilingi 600. Piga hesabu ya mimi, mke wangu, mama mkwe na mdogo wangu aliyeingia majuzi kutoka Dodoma: 9,600 imeshaondoka. Mfukoni nilikuwa na elfu kumi na tano, basi.

Mama watoto akaja na hesabu zake. Mwanafunzi mwenye sare analipa 200. Kwa hiyo mabinti wawili wakubwa wavae sare, kitindamimba apakatwe, hapo tumeokoa 3,200, mihogo hiyo. Nikamkumbusha kwamba leo Jumapili.

"Sare haijui Jumapili," akajibu, huku anapiga pasi.

Konda wa gari la kwanza alitutazama juu mpaka chini. "Mama, leo shule gani?"

"Wanakwenda tuisheni."

"Na mkeka?"

"Madawati hayatoshi."

Gari zima likacheka. Konda akatupia jicho hotipoti la pilau kwenye mapaja ya mdogo wangu, akafungua mdomo aulize, akaghairi. Angepokea mia mbili zake kimyakimya kama kitindamimba hakutangaza kwa sauti, "Sisi tunaenda kuogelea!" Lakini hata konda alikuwa anacheka, akapokea.

Tulifika saa tano asubuhi, bahari imekupwa, maji yako kule. Mdogo wangu akashuka mbio, akatandika mkeka chini kabisa, kwenye kivuli cha jabali. "Kaka, njoo! Kivuli, upepo, na hakuna mtu! Hawa wenyeji wanabanana juu wanatafuta nini?"

Mama mkwe ni mzaliwa wa Pangani. Mkwe wa huko hakukatazi jambo, anakupa habari tu. "Baba, jana usiku mwezi ulikuwa mpevu," akasema, kisha akapanda zake juu, akaketi karibu na muuza mihogo. Nikaitikia, "Kweli mama, ulipendeza sana."

Sasa, msomaji wa bara, mwezi ukiwa mpevu ndizo siku za bamvua, na maji ya pwani hii yanapanda zaidi ya mita 3 kutoka pale yalipokupwa. Saa tano unayatafuta kwa macho. Saa kumi ndiyo yanayokutafuta wewe. Mama mkwe alikuwa ameshamaliza kunieleza yote hayo, kwa adabu.

Tukala pilau. Mabinti wakavua sare, mama yao akazikunja vizuri, akaziweka chini ya hotipoti tupu ili zisipate makunyanzi. Tukaenda kwenye maji, kila mtu. Mdogo wangu, ambaye kwao maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya tangi, alikuwa anapiga kelele kila wimbi likimfika magotini.

Kwanza nilimwona mama mkwe amesimama juu, anapunga khanga. Nami nikampungia mkono. Akapunga kwa nguvu zaidi. Nikamwambia mke wangu, "Leo mama kafurahi kweli." Alipogeuka kutazama, mkeka wetu ulikuwa unapita, hotipoti limeketi katikati kama nahodha, linaelekea Zanzibar.

Vijana wa maboya waliogelea kulifuata. Walirudi na mkeka, hotipoti, shati moja jeupe na sketi moja ya bluu. Vingine hawakuviona. Kuokoa mali ni elfu mbili, wakasema, na mfuniko wa hotipoti wakatuachia kama punguzo, maana ulikuwa umejaa mchanga na walitaka kuutupa. Mihogo ilishakula 1,800. Nikabaki na 5,600, nauli kamili ya kurudi, kwa hesabu ya wanafunzi.

Kwenye gari la kurudi, binti mkubwa alivaa shati lililolowa na khanga ya bibi yake. Mdogo wake alivaa sketi na fulana yangu. Konda huyu alikuwa mtu wa hesabu. Akawatazama, akahesabu kwa vidole.

"Shati la huyu na sketi ya yule, jumla mwanafunzi mmoja. Wa pili alipe 600."

Nikashindwa pa kuanzia kubisha. Abiria wakanisaidia. Mzee mmoja akashikilia kwamba mwanafunzi ni shati, maana nembo ya shule iko mfukoni. Mama mwenye ndoo ya samaki akasema sketi ndiyo sare, shati jeupe hata mhudumu wa hoteli analo. Wakabishana kutoka Morocco mpaka Magomeni, konda mwenyewe akawa mwenyekiti. Mama mkwe alikuwa amefumba macho muda wote huo. Akafungua fundo la khanga, akatoa 400, akamkabidhi konda.

"Chukua, mwanangu. Na kesho asubuhi mwalimu akiuliza sare," akanigeukia mimi, "baba utamweleza habari za mwezi."